Ukuta Usio na Chokaa

Ukuta haujui aliyeujenga. Hilo ndilo la kwanza, na kama hulikubali, bora ufunge kitabu hiki ukapike. Ukuta unajua uzito tu: jiwe hili limelilalia lile, lile limelilalia la tatu, mpaka chini kabisa penye ardhi, nayo ardhi haijapata kumlalamikia mtu. Binadamu ndiye mwenye kuuliza nani. Binadamu ndiye apitaye njiani akasema, ule kaujenga fulani, na fulani akavimba kichwa, au akavuka upande wa pili asiuone. Faki Shaame, mwashi wa Pemba, umri wake miaka sitini na sita, alikuwa katika hao wavukao upande wa pili. Kuna ukuta ambao hakupita mbele yake kwa miaka thelathini na minane, na ukuta wenyewe haupo. Ulianguka. Tena ulianguka juu ya mtu.

Leo amesimama mbele ya ukuta mwingine, mbali na kwao hivi kwamba jua likiwa kwao ni la leo, hapa bado ni la jana. Bintiye Mize, muuguzi, ndiye aliyemleta. Mize aliolewa akahamia visiwa vya Hawaii, na kwa miaka tisa alimsihi baba yake aje kumtembelea, na kwa miaka tisa Faki alisema ndege ni kitu cha ndege. Mpaka siku moja katika simu, Mize akamsimulia, kwa kupitisha maneno tu, kuwa karibu na kwake pana hifadhi ya kale, pana ukuta mkubwa wa mawe meusi usiotiwa hata kijiko cha chokaa, na kwamba zamani mtu aliyekosa, hata awe amekosa nini, akiwahi kufika ndani ya ukuta ule husamehewa akarudi kwao safi. Faki akasema, "Nakuja." Mize alilia kwa furaha. Maskini, alidhani baba yake kamkumbuka.

Mnaona sasa. Mtu huyu hakuja kutalii.

Mlinzi wa hifadhi alikuwa mama mnene wa makamo, mwenyeji wa pale hasa, kofia pana kichwani na sauti ya mtu aliyezoea kusemesha watoto wengi. Aliwapokea penye njia ya lami, akaeleza kwa lugha ya huko, Mize akawa anamtafsiria babake. "Anasema huku tulipo ni upande wa mfalme, Baba. Kule nyuma ya ukuta ndiko kwenye kimbilio. Mfalme wa zamani alikuwa na miiko. Kivuli chako kikimwangukia, unauawa. Mwanamke akila ndizi zilizoharamishwa, anauawa. Ila ukikimbia ukafika kule, kuhani anakuombea, basi. Mfalme mwenyewe hana la kusema."

"Muulize, nani aliyempa huyo kuhani nguvu za kumshinda mfalme?"

Mize akauliza. Yule mama akacheka, akaonyesha kibanda cha majani kilichosimama ukingoni mwa maji, kimezungukwa na masanamu ya mbao yaliyofumbua vinywa.

"Anasema kibanda kile ni mfano wa kile cha zamani. Ndani yake iliwekwa mifupa ya wafalme waliokufa. Nguvu zatoka kwenye mifupa."

"Kwa hiyo mfalme akiwa hai anaua, akifa anasamehe."

"Baba, nimtafsirie hilo?"

"Acha."

Lakini halikumwacha yeye. Alitembea kando ya ukuta akilitafuna. Ukuta wenyewe ulikuwa na kimo cha watu wawili, na upana wake watu watatu wangelala kichwa kwa nyayo na bado pasipatikane pa kudondokea. Mawe makavu, moja juu ya moja, uso umenyooka utadhani ulipigwa timazi. Faki aliusoma kama mwashi anavyosoma, kwa kuanzia chini. Akaona pale yaliposhikana, pale yalipobanana, pale mkono wa mtu mmoja ulipoachia na wa mwingine ukaendelea. Watu gani hawa? Chokaa huficha, aliwaza. Chokaa ni ulimi wa mwashi. Ukishapaka, nani atajua ndani umetia nini? Ila hapa hakuna kilichopakwa. Hapa kila aliyekosea amekosea hadharani, na aliyekuja baada yake ameona.

Na mfalme? Hebu fikiri. Mtu anayeogopa kivuli cha mwenzake kimguse, huyo ana nguvu gani? Mwenye nguvu angekwambia, niangushie kivuli mpaka uchoke. Kumbe mwenye kuua kwa ajili ya kivuli ndiye mwoga mkubwa, na woga wake ndio ufalme wake. Akishakufa, woga unamtoka. Mifupa haijali nani kapita wala kivuli kimelala wapi. Ndipo inapoweza kusamehe. Basi je, msamaha ni nguvu, au ni kuishiwa na woga tu? Na mimi, Faki alijiuliza, ninayeogopa miaka yote hii, ni mfalme wa nini?

"Anasema tutazame kwa macho, mikono ibaki kwetu," Mize alisema nyuma yake. "Mawe hayaguswi."

"Nimesikia."

Alisikia, wallahi alisikia. Lakini mwashi akiona jiwe linacheza, mkono hauombi ruhusa. Hatua kama kumi mbele, kwenye usawa wa kifua, palikuwa na jiwe moja lililopoteza kijiwe chake cha kubania. Kijiwe chenyewe kilikuwa kimeanguka, kipo pale chini, kinamtazama. Mtu mwingine angepita. Mtu mwingine asingeona hata. Faki aliinama, akakiokota, akakigeuza mara mbili kutafuta uso wake, akakisukumia pale palipo pake na kukigonga kwa kisigino cha kiganja. Kikaingia. Kikalia, tok.

Ndipo alasiri ikapasuka.

Sijui niseme vipi. Njia ya lami haikuwapo. Magari hayakuwapo, na Mize, ambaye alikuwa nyuma yake anapangusa miwani, hakuwapo. Jua lilikuwa palepale. Ila kivuli cha Faki kilikuwa kimerefuka, kimelala ukutani, na watu wanne wenye mikuki walikuwa wakikitazama kivuli kile na si yeye. Mmoja akasema, na Faki akamfahamu neno kwa neno bila mfasiri, "Kagusa jiwe la mfalme."

"Nimelitengeneza!" Faki akajitetea. "Lilikuwa linacheza!"

"Kagusa, tena kasema lina kasoro," akasema wa pili, na hilo lilionekana ni baya zaidi.

Nini cha kungoja? Akatimua mbio. Ukuta huu hapa ubavuni mwake, kimbilio liko ng'ambo yake, na upande ule wa mfalme haukuwa na mlango. Akafahamu kwa nini. Mgeni huja kwa njia kavu, akatazama, akarudi. Mkosaji hana njia ila ya maji. Faki, na kanzu yake na umri wake, akajitosa kwenye kighuba kile, na maji yakamfika kifuani, kisha shingoni, kisha hayakuwa na chini.

Kata maji, Faki. Kata. Umezaliwa kisiwani wewe. Nini kinachokuvuta? Kanzu. Si kanzu. Ni nini basi? Kata maji kwanza, utafikiri baadaye. Ndivyo ulivyosema siku ile pia, nitafikiri baadaye.

Ubavuni mwake palikuwa na mwanamke anaogelea. Mikuki ilikuwa ikidondoka majini nyuma yao, na yeye hakugeuka hata mara moja.

"Umefanya nini wewe?" mwanamke akamuuliza, pumzi juu juu.

"Nimegusa jiwe. Na wewe?"

"Nimekula ndizi."

"Ndizi tu?"

"Tamu lakini," akasema.

Faki akamtazama. Uso ule alikuwa anaujua. Ulikuwa uso wa Bi Time, mama aliyekuwa akiuza maandazi chini ya ukuta wa chuo cha Kurani, kule kwao, mwaka ule wa mvua za masika zisizokatika.

Walifika pamoja. Waliburura miguu juu ya miamba myeusi, wakaanguka ndani ya kimbilio, na wenye mikuki wakasimama ng'ambo ya pili kama watu wanaongoja chakula. Ndani kulikuwa na foleni. Watu wamelowa, wanatetemeka, kila mmoja na lake, na mbele yao, penye kibanda cha mifupa, amesimama kuhani. Kuhani alikuwa yule mama mnene. Hakuwa na kofia sasa, na sauti yake haikuwa ya kusemesha watoto.

"Linalosemwa ndilo linalosamehewa," kuhani alikuwa akiwaambia mmoja mmoja. "Umefanya nini?"

"Nimekula ndizi," akasema mwanamke.

"Nenda kwenu."

Upesi hivyo! Ikafika zamu ya Faki.

"Umefanya nini?"

Hapa ndipo. Miaka thelathini na minane, bahari mbili, ndege tatu, yote kwa ajili ya swali moja hili, na kuhani mwenyewe ndiye huyu, amelitamka. Faki akafumbua kinywa. "Nimegusa jiwe la mfalme," akasema.

"Nenda kwenu."

Akangoja. Akajisikiliza kifuani kama mtu anayesikiliza kama mvua imekatika. Haikuwa imekatika. Hakuna kilichopungua hata chembe. Akatoka, akazunguka, akapanga foleni tena nyuma ya wengine, na ilipofika zamu yake kuhani hakumshangaa. Labda wengi hurudi.

"Umefanya nini?"

"Nilijenga ukuta wa chuo," akasema Faki. "Mimi na rafiki yangu, Makame Ussi. Yeye ndiye fundi mkuu. Ukuta mnene una nyuso mbili, kuhani, na katikati ni kifusi. Lazima kila baada ya kimo fulani utie jiwe refu la kuvuka, lishike uso wa huku na uso wa kule. Usipotia, unakuwa na kuta mbili nyembamba zinazotazamana tu. Makame alinichagulia mawe marefu mwenyewe, akaniachia kazi, akaenda kuzika kwao. Mimi nilikuwa naoa wiki ile. Mawe yale mazito, kuyapandisha ni kazi ya siku mbili. Nikasema, nani ataona? Nikayaacha nyuma ya chuo, nikajaza kifusi, nikapaka chokaa. Nikaenda kuoa. Masika yalipokuja, maji yakaingia katikati, ukuta ukafunguka. Bi Time alikuwa chini yake na karai lake la maandazi."

"Endelea."

"Wakamshika Makame, kwa kuwa ndiye mkuu. Akafungwa miaka minne. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa. Nikasema, akishajifungua nitasema. Akajifungua. Nikasema, mtoto akishatambaa. Akatambaa. Makame akatoka jela, akaja kunipa mkono, akaniuliza hali. Nikasema nzuri. Tangu hapo sikupata tena pa kuanzia."

Kuhani akauliza, "Huyo Makame ni mfalme?"

"Mfalme wapi! Ni mwashi."

"Kafa?"

"Yu hai. Mzima wa afya. Tunaonana kila siku."

"Basi umekuja pasipo pako, baba. Mifupa hii ni ya wafalme, nayo yasamehe yaliyokuwa ya wafalme. Kivuli chao, ndizi zao, mawe yao. Huyo mtu wako hawamjui. Wakusameheje kitu kisicho chao?"

"Nimetoka mbali," Faki akasema. Alilia, enyi mnaosoma. Mzee mzima alilia mbele ya foleni ya watu waliolowa. Kisha akamgeukia yule mwanamke, ambaye alikuwa bado yupo, anakamua nguo yake. "Basi wewe. Wewe Bi Time. Wewe umekufa. Sema wewe."

Mwanamke akamtazama kwa hasira ya kweli. "Mimi nilikula ndizi," akasema. "Jina langu silo hilo. Usinivishe uso wa mtu mwingine ili nikusamehe kwa niaba yake. Una ujanja wewe! Muda wote ule majini nilidhani unanionea huruma."

Na alipomtazama tena, kweli, hakufanana na Bi Time hata kidogo. Alikuwa mwanamke tu, kijana, mwenye kovu kidevuni, na haraka ya kurudi kwao.

"Baba! Baba, wee! Umeingia baharini na kanzu!"

Mize alikuwa amemshika mkono. Maji yalimfika Faki kifuani, njia ya lami ilikuwa pale ilipokuwa, na ukingoni watalii wawili walijifanya wanatazama kasa. Mize alimtoa nje huku analia na kumgombeza, "Ungekufa je? Ungekufa mikononi mwangu, ningewaambia nini watu kule nyumbani?" Mlinzi naye alikuja mbio na taulo, kofia kichwani. Alimfunika Faki mabega. Kisha akaenda ukutani, mahali palepale, akakichomoa kile kijiwe na kukilaza chini kilipokuwa.

"Amekuona," Mize akasema kwa aibu. "Anasema anajua hukukusudia ubaya. Lakini ukuta huu una wenyewe wanaoutengeneza, ukoo kwa ukoo. Jiwe likitoka huitwa wao. Wao ndio wanaojua lilitoka kwa nini."

"Mwambie nimekosa."

Mize akamwambia. Mama yule akampiga Faki begani.

"Anasema si neno."

Faki akacheka, kicheko kibaya. Si neno! Kila mtu katika dunia hii yuko tayari kumsamehe kwa ajili ya jiwe.

"Mpigie ami yako Makame," akasema.

"Sasa hivi? Kwao ndiyo kwanza alfajiri, Baba. Alfajiri ya kesho."

"Atakuwa ametoka kusali. Piga."

Mikono ya Faki ilikuwa imelowa, simu haikushikika. Mize akaiweka sauti juu, akaishika yeye. Ikaita mara nne.

"Nani? Yakhe Faki!" Sauti ya Makame ilikuja na jogoo nyuma yake. "Huko saa ngapi?"

"Alasiri."

"Ya lini?"

"Ya jana yako."

"Basi mimi kesho yako nimeshaiona, haina kitu kipya. Mize hajambo?"

"Hajambo, yupo hapa, anasikia. Makame." Akavuta pumzi. "Ukuta wa chuo. Mawe marefu sikuyatia. Hata moja. Nilikuwa na haraka ya harusi. Wewe uliyaweka tayari, mimi ndiye sikuyatia."

Mize akageuza shingo taratibu akamtazama baba yake. Kwenye simu jogoo aliwika, akanyamaza, akawika tena.

"Najua," Makame akasema.

"Unajua nini?"

"Walipofukua kifusi nilitafuta jiwe refu, sikuona. Nikaenda nyuma ya chuo, nikayakuta. Saba. Umeyafunika makuti vizuri, kama wali. Kabla hawajaja kunichukua niliyavuta mpaka kwangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Mkeo tumbo lilikuwa hapa. Nikasema, mwache ajifungue, Faki atasema mwenyewe, namjua Faki. Nikangoja. Nilipotoka jela nikajenga baraza mbele ya nyumba. Unalijua baraza langu?"

Faki akavuta taulo mabegani.

"Kila alasiri waja, wakunjua miguu, wanywa kahawa, wanisimulia habari za dunia. Unadhani nililijenga kwa mawe gani? Miaka thelathini na minne nakutazama umeyakalia. Nasema, leo yatamchoma. Naam, kesho yatamchoma. Una makalio magumu wewe, Faki."

Hakuna aliyecheka, hata Makame mwenyewe.

"Nisamehe, Makame."

"La kwangu tutalitazama ukija. Mimi ni mmoja tu. Bi Time ana binti, Bikombo, yuko Wete. Mpaka leo akinikuta njiani hutema mate chini. Wanangu na wajukuu wangu wameyaona hayo. Nenda kwake kwanza, umwambie kwa kinywa chako, mimi nisiwepo. Ukitoka kwake, njoo. Baraza lisikuone kabla ya hapo."

Simu ikakatika, au ilikatwa.

Mize aliitia mkobani. Akaufunga mkoba, akaufungua, akaufunga. "Wana wa Ami Makame nilicheza nao," akasema. "Kila siku. Waliniuliza kwa nini baba yao alifungwa na wangu hakufungwa. Nikawaambia kwa sababu baba yangu ni fundi mzuri." Hakulia. Alikuwa ameshalia kule majini, kwa mtu aliyedhani anamjua.

"Mwanangu."

"Ndege yako ni wiki ijayo. Nitaibadilisha." Akamtazama kanzu inavyochuruzika, na moyo wa uuguzi ukamshinda. Akamwonyesha benchi la mawe chini ya mnazi, lililowekwa kwa ajili ya wageni. "Gari liko mbali. Kaa hapo nikalilete."

"Nitasimama," Faki akasema.

Mize hakumsihi mara ya pili. Akaondoka, na Faki akasimama kando ya benchi lile katika jua la jana, taulo mabegani, mpaka gari lilipokuja.